Dumu la Dawa Si Chombo cha Maji

Leo tuzungumzie plastiki na sumu zinazosafiri nayo. Wengi hapa Oldeani hudhani hayo ni mambo ya watu wa pwani. Kumbe sivyo.

Sumu nyingi za viwandani na mashambani haziyeyuki vyema kwenye maji; zikikutana na plastiki hunasa humo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani, akiwemo Hideshige Takada, walionyesha kuwa punje za plastiki zinazoelea baharini zilikusanya sumu, yakiwemo mabaki ya DDT, hadi mara milioni moja kuliko maji yaliyozizunguka. Samaki huzila. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta vipande vya plastiki matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, takriban mmoja katika kila watano.

Sasa tazameni mlima wetu. Maji yake huteremka Mang'ola kwenye vitunguu, mengine huishia Ziwa Eyasi, ambalo halina mto wa kutokea. Mtume (s.a.w) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, sembuse kutupia humo chupa za dawa!

Linalonitisha zaidi liko jikoni. Dumu la dawa ya kahawa au vitunguu huoshwa kwa sabuni na mchanga, kisha likatiwa maji ya kunywa, ya udhu, hata maziwa. Sumu ilishapenya ndani ya plastiki yenyewe, sabuni haiifikii. Hutoka pole pole, na maziwa yenye mafuta huivuta zaidi. Hapa watu huchanganya: kuondoa najisi ni jambo moja, kuondoa sumu ni jingine. Harufu kuisha si ushahidi.

Dumu hilo lisuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yamiminwe kwenye bomba la kupulizia, kisha litobolewe. Msilichome uani. Muulizeni bwana shamba pa kulipeleka.

Mtoto akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo, akatapika au akahema kwa shida, mvueni nguo, muosheni, mumkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenye lebo. Msimtapishe wala msimpe maziwa. Kwa sumu za aina hii hutumika atropini, nayo hudungwa kituoni, hivyo msingoje kupambazuke.