Tiba ya wasiwasi kupitia mtandao: Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipia

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi uliopitiliza, na takribani mmoja tu kati ya wanne hupata matibabu. Huduma za mtandao husaidia kupunguza pengo hilo, hasa kwa anayeishi mbali na daktari bingwa wa afya ya akili au anayeogopa unyanyapaa.

Tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mgonjwa kutambua na kubadili fikra zinazochochea hofu, huweza kutolewa kwa simu au video. Hata hivyo, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka huweza kutokana na maradhi ya tezi ya shingo. Hivyo vipimo vya hospitali bado vinahitajika.

Kabla ya kulipia, mwananchi anashauriwa kuomba jina kamili la daktari na kuhakiki usajili wake. Kwa Tanzania Bara, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Aulize pia namna taarifa zake zitakavyotunzwa, kwani zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ajihadhari na anayeuza dawa za kutuliza, kama diazepamu, bila kumhoji mgonjwa. Dawa hizo hujenga utegemezi, na kuziacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huweza kuleta degedege.

Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri miadi ya mtandaoni. Afikishwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.