Safari Rally: Chagua Kona Moja, Ukae Kutwa

Shabiki anayekwenda Naivasha kwa mara ya kwanza hutamani kuona kila kitu kwa siku moja: asubuhi Loldia, adhuhuri Geothermal, alasiri Kedong. Jioni hurudi na uchovu wa foleni na video za sekunde chache. Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, haiendeshwi uwanjani, ambako magari huzunguka mbele ya jukwaa moja. Hugawanywa katika mikondo kama hiyo ya Loldia, Geothermal na Kedong, yaani vipande vya barabara za vumbi vinavyofungwa kwa ajili ya mashindano. Gari moja huachiliwa, lingine hufuata baada ya dakika kadhaa, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko ya wenzake wote. Popote utakaposimama, kila gari litakupita kufumba na kufumbua na kutoweka. Ndiyo maana nashauri: chagua kona moja, fika mapema, kaa hapo kutwa.

Mikondo mingi hupitwa mara mbili, asubuhi na alasiri, na katikati ya mizunguko hiyo barabara hugeuka kabisa. Asubuhi, gari linalotangulia ndilo linalofagia changarawe iliyolegea. Matairi yake huteleza, huku yanayofuata yakikuta njia iliyosafishwa. Kwa kawaida mbio za Ijumaa hutanguliwa na anayeongoza msimamo wa ubingwa wa dunia, kwa hiyo ukimwona anasuasua, usikimbilie kusema amechoka. Alasiri mambo hugeuka: njia imechimbika, mawe yameibuka. Kule Kedong udongo wa volkano ni laini kama unga, nao hufunika makorongo na mawe hata dereva asijue gurudumu linaangukia nini. Anategemea anayosomewa na mwelekezi wake kutoka kwenye daftari waliloliandika pamoja siku chache kabla, walipopita njia hiyo mara mbili kwa mwendo wa kawaida.

Ukiwa kwenye kona yako, fuatilia mambo matatu. Kwanza, dereva anakanyaga breki wapi. Utasikia mngurumo ukikatika. Pili, mkia wa gari unatoka kiasi gani. Mkia unaotoka sana hushangiliwa, lakini mara nyingi humpotezea dereva muda. Tatu, anakanyaga tena mafuta lini: anayewahi kukanyaga huondoka na kasi itakayomfaa hadi mwisho wa mnyooko unaofuata. Kisha chagua alama mbili, tuseme mgunga na jiwe kubwa, upime kwa saa ya simu muda wa kila gari kati ya alama hizo. Baada ya magari kumi utakuwa na orodha yako mwenyewe, na alasiri utailinganisha na mpya.

Usiondoke magari ya timu za watengenezaji wa magari yakishapita. Nyuma yake wanakuja madereva wetu wa Kenya, na wana mengi ya kufundisha kuhusu subira. Mwaka 2021, mashindano haya yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walishika nafasi ya saba, ya nane na ya tisa. Mwaka huo huo Thierry Neuville aliianza Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, gari lake likaharibika sehemu ya nyuma huko Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Safari haimalizwi kwa kasi pekee. Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano, walilijua hilo.

Usalama ni sehemu ya utazamaji wenyewe. Simama mahali palipoinuka, upande wa ndani wa kona, kamwe usisimame upande wa nje, maana gari likishindwa kukata kona huelekea huko. Utepe mwekundu ni marufuku kuuvuka. Kabla ya mshindani wa kwanza hupita magari ya waandalizi, la mwisho likiwa na namba 0. Ukiliona, tulia mahali pako. Ukisikia helikopta inakaribia, gari haliko mbali. Usivuke barabara hadi gari la kufunga mkondo lipite.

Jiandae pia kwa mwili. Naivasha iko juu, asubuhi kuna baridi na mchana jua huchoma: beba sweta, kofia, maji mengi na leso ya kufunika pua. Chapisha ratiba, kwa sababu mtandao wa simu unaweza kuzidiwa. Mikondo mingi hupita kwenye mashamba na hifadhi, hivyo taka zako rudi nazo.

Ukibaki na nafasi, itumie jioni kwenye kituo cha matengenezo. Kwa kawaida mafundi hupewa dakika 45, na ndani ya muda huo utaona gari likiinuliwa, vizuizi vya mtikisiko vikitolewa na sanduku la gia likibadilishwa, kila mtu akijua zamu yake. Ukiwa umelitazama gari hilo hilo likipigwa na mawe kwenye kona yako, utaelewa kila boliti inayofunguliwa. Matokeo ya siku yatakapotangazwa, utajua kwa nini aliyeongoza ameongoza, na hilo hakuna video itakayokupa.