Unaogopa? Usikubali kuambiwa huna imani

Hebu nikuulize, msomaji. Mara ya mwisho kuogopa mpaka ukakosa usingizi ilikuwa lini? Sisemi ule woga wa kupita makaburini. Nasema ule wa saa tisa usiku, uko macho unatazama makuti ya paa, moyo unadunda, na hujui umpigie nani simu.

Wangu naukumbuka vizuri. Ilikuwa wakati wa masika, hapa kwetu Dabaso. Mpwa wangu wa miaka mitatu alikuwa ameshinda na homa siku nzima. Usiku akaanza kukakamaa, macho yakageuka juu, mdomo ukafunga. Ni degedege. Wengine huku kwetu huita nyuni, na zipo nyumba ambazo zikiona hivyo hutafuta mganga kwanza. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo hatukumtafuta mganga. Tulimtafuta mhubiri.

Jamaa mmoja wa familia alimpigia wake, akaweka simu sauti ya juu. Tukaambiwa tusimtoe mtoto nyumbani kabla maombi hayajakwisha. Ati kukimbilia hospitali ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini.

Nakwambia ukweli: kwa dakika kadhaa tulitii. Mimi niliyefika chuo, ingawa niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, nilisimama pale kama mti wa mnazi. Niliogopa mtoto atakufa. Lakini kilichonifunga miguu ni kingine. Niliogopa kwamba nikimbeba halafu afe, itasemwa ni mimi niliyekosa imani.

Aliyetufungua ni hawe, nyanya yetu. Mama wa watu hata kusoma hajui, lakini kanisani hakosi. Alisema hivi: "Mjukuu wangu, Mungu yuko hapa, na huko hospitali yuko. Nendeni. Mimi naomba nikiwa hapa, nyinyi ombeni njiani."

Basi tukapanda boda, mimi, dadangu na mtoto katikati, mvua inatupiga. Ilikuwa malaria. Alitibiwa, na baada ya siku tatu alirudi nyumbani akidai mahamri.

Nimekaa na usiku ule muda mrefu, kwa sababu sisi wa huku hatuwezi kuuchukulia mzaha. Shakahola iko hapa hapa kaunti yetu ya Kilifi, bara ya Malindi. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule, na hesabu ikaendelea hadi ikapita miili 400. Wengi walikuwa watoto. Serikali ilisema watu wale walifundishwa kufunga mpaka wafe, ndipo wakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Mhubiri Paul Mackenzie alipofikishwa kortini alikana mashtaka, na kazi ya kuamua ni ya mahakama. Lakini makaburi yale hayahitaji hukumu ndio yatufundishe kitu. Mwaka 2025 tena, miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na pale.

Watu walipouliza, "Kwani walikuwa wajinga?" mimi nilinyamaza. Nilijikumbuka nimesimama mbele ya ile simu. Si ujinga. Ni woga. Mtu akiogopa mwisho wa dunia, akiogopa ugonjwa, akiogopa maisha yanamshinda, anatafuta wa kumshika mkono. Na yeyote atakayetangulia kumshika anaweza kumpeleka anakotaka.

Ndiyo maana nataka tuangalie vizuri Mungu wa Biblia huwafanyia nini watu wanaoogopa. Chukua Eliya, katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Huyu ni nabii aliyetoka kushinda pale mlima Karmeli mbele ya watu wote. Halafu malkia Yezebeli anamtishia kumuua, na jamaa anatoka mbio. Anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mti, anamwomba Mungu afe. Yaani amechoka kabisa.

Sasa mhubiri wa ile simu angemwambiaje? "Imani yako iko wapi? Funga siku saba." Mungu hakufanya hivyo. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa na mtungi wa maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumwambia ale, maana safari ni ndefu. Mahubiri hakuna, lawama hakuna. Ni chakula, maji na usingizi.

Wanaopenda kutuhubiria zile siku 40 za Eliya kwenda mlima Horebu huwa wanaruka hapa. Alikula mara mbili kwanza. Na alipofika huko, Mungu alimwonyesha kwamba hakuwa peke yake kama alivyodhani, akampa Elisha wa kumsaidia kazi.

Angalia na Yesu mwenyewe, usiku wa Gethsemane. Alihuzunika, jasho likamtoka, akaomba kikombe kile kimwondokee. Na aliwaomba marafiki zake wakeshe naye. Kama Yesu aliomba watu wa kukaa naye usiku wa hofu, wewe na mimi ni nani hata tujifanye tunaweza peke yetu?

Kwa hivyo, rafiki yangu, kuamini kwamba Mungu yuko nawe si kukosa kuogopa. Ni kuogopa na bado ukafanya lililo sawa, kwa sababu hauko peke yako. Kubeba mtoto usiku ni imani. Kumeza dawa na kuomba ni imani. Kumwambia mwenzako "leo nimezidiwa, njoo tukae" ni imani pia.

Na ukitaka kupima sauti inayokuja kwako kwa jina la Mungu, tumia Eliya. Je, inakulisha au inakunyima? Inakurudisha kwa watu au inakutenga na familia yako? Inakuacha uulize maswali, au ukiuliza unaambiwa umeasi? Ikikutaka uuze shamba, umtoe mtoto shule, uchome kitambulisho au uache dawa, toka mbio kama Eliya, na usione haya. Na ikiwa kuna mtoto hatarini mtaani kwenu, piga 116, ni bure.

Sitakudanganya kwamba mimi sasa siogopi. Kazi sina ya maana, chuo sijarudi, na kuna usiku mawazo yananikalia kifuani. Siku kama hizo hushuka jioni hadi mkono wa bahari wa Mida, pale mikokoni, nakaa na vijana wenzangu wanaorudi kutafuta kaa. Wakati mwingine tunaongea, wakati mwingine hapana. Nikirudi nyumbani hawe huwa ameniwekea sima na mchicha chini ya kawa. Haniulizi imani yangu iko wapi. Huniambia, "Kula kwanza."

Nikila ndipo naomba. Na wewe usiku wa leo, kama hofu imekubana, kula kitu, mpigie mtu mmoja unayemwamini, halafu mwambie Mungu ukweli wote bila kupamba. Mungu huyo anajua ulivyoumbwa, na hakukasirikii kwa kutetemeka.