Mayai, Minara na Neno "Huenda"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo ndiyo silaha ya wanaodai kwamba mnara wa simu ulio karibu na shule utawadhuru watoto. Wapinzani wao nao hujibu kwa mkato kuwa hakuna madhara yoyote. Mimi ni mwanaisimu, si mwanafizikia; lakini naona kwamba pande zote mbili zinalitendea neno moja dhuluma.

Tuanze na yai. Mnamo 1982, José Delgado na wenzake wa Madrid, Uhispania, waliripoti kuwa viinitete vya kuku vilivyowekwa katika uga dhaifu wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu za sumaku hufika, vilikua vikiwa na kasoro. Baadaye maabara sita katika nchi mbalimbali zilikubaliana kufanya jaribio la aina hiyo kwa utaratibu mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Yalipojumlishwa, kasoro zilionekana katika takriban asilimia 25 ya viinitete vilivyowekwa katika uga, na takriban asilimia 19 ya vile ambavyo havikuwekwa. Hata hivyo, ni maabara mbili tu zilizopata tofauti ya kuaminika zikitazamwa pekee.

Mwaka 2018, watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya jaribio juu ya panya waliopigwa na mawimbi ya simu tangu wakiwa tumboni, saa 9 kwa siku, kwa takriban miaka miwili. Watoto wa panya hao walizaliwa na uzani mdogo kuliko wenzao, na baadhi ya madume wakapata uvimbe moyoni. Ajabu ni kwamba madume hao waliishi muda mrefu kuliko wale ambao hawakuguswa na mawimbi. Isitoshe, kiwango walichopewa mwili mzima kilipita kile kinachoruhusiwa kwa umma.

Je, msomaji, tuseme nini? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichagua neno lake mwaka 2011: mawimbi haya huenda yakasababisha saratani kwa binadamu. "Huenda" si "hakika", wala si "hapana". Aidha, Kiswahili chetu cha mitaani huita kila kitu "mionzi", kana kwamba eksirei na simu ni pacha. La hasha! Eksirei ina nguvu ya kuzivunja molekuli za mwili; mawimbi ya simu hayana. Athari yao iliyothibitishwa ni joto.

Mzazi anapoulizwa maoni kuhusu mnara, asitupiwe vitisho wala kubembelezwa. Apewe vipimo vya mahali hapo, vilinganishwe na kikomo kilichowekwa, na yote yaandikwe kwa lugha anayoielewa. Asiyeelezwa hawezi kukubali. Anaweza tu kunyamaza.