Kabla ya Kusema Alirukwa na Akili

Usiku wa Novemba 6, 2010, konstebo wa Polisi wa Utawala huko Siakago, eneo la Mbeere ambalo leo liko kaunti ya Embu, alichukua bunduki ya kazi akaingia baa moja baada ya nyingine. Watu 10 walikufa, wakiwemo askari wenzake wawili. Ilielezwa kwamba alikuwa akimtafuta mpenzi wake. Miaka 11 baadaye, Desemba 7, 2021, askari mwingine wa kituo cha Kabete, Nairobi, alimuua mkewe nyumbani, akatoka nje na bunduki akaua watu wengine, kisha akajiua.

Ukivuka Mto Tana kutoka Mbeere unaingia Mwingi, kaunti ya Kitui. Ndiyo maana habari za Siakago zilifika upesi sokoni Mwingi na Kitui mjini, hata Wote kule Makueni, na kila mahali maelezo yalikuwa yale yale: huyo alirukwa na akili. Sentensi hiyo hutuliza nyoyo, kwa kuwa inamtenga muuaji na sisi tuliobaki. Lakini inaacha maswali mawili bila jibu. Ugonjwa wa akili unachangia kiasi gani katika mauaji ya namna hii? Na bunduki ilifikaje mkononi mwa mtu aliyekuwa katika hali ile, saa ile?

Marekani wamegombana juu ya maswali haya kwa miaka mingi. Baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas, Mei 2022, upande mmoja ulidai sheria kali za bunduki, na upande wa pili ukadai tatizo ni akili za watu. Jeffrey Swanson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, amekuwa akieleza kwamba hata kama magonjwa makubwa ya akili yangetibiwa yote yakaisha, vitendo vya ukatili vingepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Mtu mwenye skizofrenia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa kuliko wa kupiga. Anayetaka kulithibitisha hilo na atazame jinsi wagonjwa wanavyofukuzwa kwa mawe kwenye vituo vya matatu.

Basi kama si ugonjwa, ni nini? Rudi Siakago na Kabete. Visa vyote viwili vinagusa mwanamke na ugomvi wa mapenzi au wa nyumba. Dalili ya hatari iko hapo zaidi kuliko kwenye faili la hospitali: vitisho kwa mke, wivu uliopita kiasi, pombe inayoongezeka, maneno ya kukata tamaa, mtu kuanza kuaga. Anayeona mambo hayo kwanza ni mke, mama mzazi au askari anayelala chumba cha pili. Daktari wa akili huenda asikutane na mtu huyo hata siku moja.

Sheria yetu ya Silaha, sura ya 114, inasema kwamba cheti cha kumiliki bunduki hakipewi mtu mlevi kupindukia wala mwenye akili isiyo timamu. Ni jambo jema, ila lango hilo linalinda njia moja tu. Bunduki ya askari hutolewa kwenye ghala la silaha la kituo, haiombewi leseni. Na bunduki za magendo, nyingi zikiwa zimepenya kutoka Somalia tangu dola ile ilipoanguka mwaka 1991, hazijui lango lolote. Kwa hiyo kanuni ya akili timamu inamchuja mfanyabiashara anayetaka bastola ya kujilinda, huku wale wanaobeba bunduki kubwa kila siku wakipita pembeni.

Jambo la pili husahaulika kabisa tunapobishana: bunduki huua wenye nayo zaidi kuliko inavyoua umati. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki ni vya watu waliojiua. Na hamu ya kujiua, kinyume na wengi wanavyodhani, mara nyingi hupanda ghafla ikashuka. Wengi wanaookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliamuru askari vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma. Hakuna aliyebadilishwa akili yake, lakini watafiti waligundua kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa vijana hao vilipungua kwa asilimia 40 hivi.

Mkulima wa Makueni anaweza kulielewa hili bila kuona bunduki, kwa kuwa hatari iliyo karibu naye ni chupa ya sumu ya kunyunyizia maembe na ndengu. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za shambani zilizo kali zaidi, hatua kwa hatua, na idadi ya wanaojiua ikashuka kwa takriban asilimia 70 katika miaka 20. Huzuni haikuisha Sri Lanka. Vilivyopungua ni vile vitu vinavyoua haraka vikiwa karibu na mkono wakati wa giza la moyo.

Simaanishi kwamba matibabu hayana kazi. Yana kazi kubwa, na Makueni imekuwa shule ya nchi nzima katika hili. Wakfu wa utafiti wa afya ya akili ulioanzishwa na Profesa David Ndetei, pamoja na Profesa Victoria Mutiso, walishirikiana na kaunti kuwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati za kawaida kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na wahubiri wanaoombea wagonjwa nao walifunzwa kutambua dalili na kumwelekeza mtu zahanati. Wagonjwa walipata nafuu bila kupanda basi kwenda hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Mganga ambaye zamani angemshikilia mgonjwa miezi kadhaa sasa anajua ni wakati gani wa kumwachilia aende kwa muuguzi. Huo ndio ushindi ninaouheshimu kuliko hotuba zote za Nairobi.

Lakini sababu ya kumtibu mgonjwa ni kwamba anaumwa. Tukianza kuwaambia watu kwamba kliniki ya akili ni mahali pa kuwanasa wauaji watarajiwa, askari mwenye usingizi uliopotea hatakanyaga pale. Tayari tumeona madhara ya hofu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na watu wakanyamaza. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025 tu.

Kwa Kitui, hoja hizi zina uzito wa pekee. Katika Ngomeni, Tseikuru, Mutha na mipaka yote ya mashariki, wakazi wamekuwa wakiuawa katika mapigano na wafugaji wa ngamia wenye AK-47 wanaotafuta malisho na maji. Huko uhusiano wa bunduki na akili unageuka: risasi hutangulia, ugonjwa ukafuata. Mtoto haendi shule kwa sababu anashtuka kila mlango ukibamizwa, na mama anakaa macho hadi alfajiri. Watu hawa wanahitaji muuguzi kama yule wa Makueni, na sioni kwa nini mfumo uleule usivuke Mto Athi.

Wakazi hao hao wanaomba polisi wa akiba, yaani vijana wao wenyewe wapewe bunduki za serikali. Siwezi kuwalaumu, anayeishi Wote hana haki ya kumwambia wa Ngomeni ajilinde kwa mishale. Ila kila bunduki inayopelekwa kijijini inakwenda pia kwenye ndoa, deni na chupa ya pombe ya yule anayeibeba. Oktoba 2023, huko Lewiston, Maine, Marekani, mwanajeshi wa akiba aliua watu 18. Familia yake ilikuwa imewaeleza maafisa miezi mitano kabla kwamba hali yake inawatisha na kwamba ana bunduki, na sheria ya kumnyang'anya kwa muda ilikuwapo. Tume iliyochunguza ilisema maafisa walikuwa na sababu za kutosha za kuitumia.

Kwa hiyo ningependa kila polisi wa akiba wa Kitui akabidhiwe bunduki mbele ya watu wawili wa kwake, mke au mzazi akiwa mmoja wao, nao waambiwe wampigie nani simu hali ikibadilika. Simu hiyo isiwe mashtaka. Mkuu wa kituo aichukue bunduki siku hiyo hiyo, ampe mwenzake wa zamu ili kijiji kisibaki wazi, na mwenyewe apelekwe zahanati. Akipata nafuu arudishiwe, na jina lake lisichafuliwe. Hivyo hivyo ifanywe kwa askari wa kawaida kwenye vituo vyote, kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, ambako bunduki ya kazi inalala hatua chache kutoka kitanda cha ndoa.