Ngoma ya Kisukuma: Bado inazaliwa, au tunasikiliza marudio?

Ukipita stendi ya Kahama au sokoni Katoro, muziki wa Kisukuma unakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Unapigwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, kwenye bodaboda na kwenye harusi. Hata hivyo, wazee wengi wanasema ngoma imekufa. Vijana wanajibu kwamba haijawahi kusikika mbali kama sasa. Nani yuko sahihi? Makala hii inaeleza.

Muziki hufa namna gani?

Muziki haufi siku watu wanapoacha kuupiga. Unaweza kupigwa kila siku na bado ukawa umekufa, ikiwa nyimbo zote ni za zamani na hakuna anayetunga mpya.

Swali hili si letu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani, mashabiki wa muziki wa roki wanabishana miaka mingi kama bado una jipya. Karibu nasi, Zambia ina mfano mzuri. Miaka ya 1970, vijana wa miji ya migodi ya shaba kama Kitwe walichukua magitaa ya umeme na kutengeneza roki yao, ambayo leo inaitwa Zamrock. Bendi iliyovuma zaidi ni WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha za starehe zikapungua, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi. Jagari mwenyewe aliishia kuchimba vito. Miaka mingi baadaye wasikilizaji wa nje walizigundua tena sahani zile, naye akarudi jukwaani. Ila hakurudi kuimba za zamani tu: mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, Zango. Hapo ndipo mtu anaweza kusema muziki ule umefufuka.

Zamani nani alimlazimisha manju kutunga?

Kwa Wasukuma, jibu ni mashindano. Masimulizi yanawataja Ngika na Gumha, waliokuwepo karne ya 19, kuwa waanzilishi wa makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja, kila moja uwanja wake, na anayeshinda ni mwenye watazamaji wengi. Mtazamaji yuko huru kuhama. Ningi, yaani manju, akileta wimbo wa mwaka jana, watu wanahamia kwa mwenzake.

Mashindano hayo yanaendelea kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, ambako padri kutoka Kanada, David Clement, alianzisha makumbusho ya Wasukuma.

Kazi nayo ilizaa nyimbo. Wapagazi wa misafara, wawindaji wa nungunungu na wacheza nyoka walikuwa na nyimbo zao. Wakulima waliolima kwa kikundi walikwenda na bugobogobo, ngoma inayotaka jembe liinuke na kushuka pamoja. Mtafiti kutoka Marekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300.

Nini kimebadilika?

Jembe la kukokotwa na ng'ombe, na sasa trekta, halihitaji kundi la watu wa kuimba. Bugobogobo imehama kutoka shambani kwenda jukwaani, kwenye sherehe na mapokezi ya wageni.

Migodi nayo imeleta mambo yake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wametapakaa kote. Watu wametoka kila mkoa, na hela inapatikana kwa msimu wake. Mwenye hela anamlipa mwimbaji amtaje kwenye wimbo au aje kwenye harusi. Wimbo unarekodiwa studio ndogo kwa kinanda cha umeme, unapandishwa YouTube, kisha unasambaa kwa memori kadi. Majina kama Bhudagala, Ng'wana Kang'wa na Gude Gude yamefika hata kwa wasiojua Kisukuma.

Kwa hiyo, iko hai?

Kwa upande wa maneno, ndiyo. Nyimbo mpya zinatoka kila mara, nazo zinazungumzia ndoa, fedha, uongozi, na aliyepata mali akasahau kwao. Mzee akisema hakuna utunzi, huenda hajasikiliza.

Kwa upande wa midundo, mzee ana hoja. Kinanda kimoja kikitoa mdundo uleule kwenye nyimbo mia, sikio linachoka. Tena wimbo wa kulipiwa unamfunga mwimbaji. Uwanjani alikuwa na haki ya kumkejeli tajiri mbele ya watu. Leo huyo tajiri ndiye aliyelipia studio.

Riziki ya mtunzi

Mtunzi asipokula, kesho hatungi. Nyimbo zinaponakiliwa kwenye memori kadi, mara nyingi mwenye kibanda anapata shilingi zake na mwimbaji hapati kitu. Ndiyo maana wengi wanategemea kutaja majina ya wenye hela.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo wa Kisukuma uliotungwa jana na kijana wa Bukombe unalindwa sawa na wa msanii wa Dar es Salaam. Kusajili kazi COSOTA kunasaidia kuthibitisha nani mwenye wimbo pakitokea mgogoro.

Msikilizaji naye ana nafasi yake, ileile ya mtazamaji wa Bagika na Bagalu. Ukimwita mwimbaji kwenye harusi ya mwanao, muulize ana wimbo gani mpya. Akikuletea ule wa mwaka juzi, unajua mahali pa kuhamia.