Ushuru wa Kitunguu na Mkopo wa Halmashauri (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kilimo cha umwagiliaji kilivyojaza watu Mang'ola, ukingoni mwa Ziwa Eyasi. Leo tufuate fedha.

Gunia la kitunguu likitoka shambani kwenda sokoni, Halmashauri ya Wilaya ya Karatu hutoza ushuru wa mazao. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo katika kila shilingi 1,000 za ushuru huo, 100 zinapaswa kurudi kwa wananchi. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa mwaka 2024.

Hapa ndipo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inapouma mara mbili. Ushuru ukihesabiwa kwa gunia badala ya kilo, gunia lililoshindiliwa na kuvikwa kilemba humpunja mkulima, na humpunja pia mama anayesubiri mkopo. Mizani shambani ni sera ya kupambana na umaskini, na ningependa madiwani waione hivyo.

Kuna suala la msimu pia. Kitunguu hukaa kitaluni kama wiki sita, kisha shambani miezi mitatu au zaidi. Katikati kuna mbolea, dawa na palizi, bila senti kuingia. Kikundi kilichokopa kikidaiwa rejesho kila mwezi, kitauza kabla ya kuvuna, kwa bei ya mlanguzi.

Lakini anayenisumbua zaidi ni kibarua: yule anayepandikiza miche, anayepalilia, anayeng'oa na kukata majani kwa ujira wa siku. Hana shamba, amepanga chumba, leo yuko Barazani, hapa Mang'ola, msimu ujao hajui atakuwa wapi. Kikundi cha mkopo hudai watu wanaofahamiana na anwani ya kudumu. Hata ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) huanzia kwenye mkutano wa kijiji, ambako kaya maskini hutajwa na majirani, na yeye majirani hawamjui. Serikali ya kijiji inaweza kuanza na daftari la vibarua wa msimu, likiandikwa kila msimu wa kilimo unapoanza.

Sehemu ya tatu itawageukia Wahadzabe, ambao mifereji ya umwagiliaji imewakuta kwenye ardhi yao.